Mtu wa Kunisemea

Kwetu Baraka, mji wa kando ya ziwa, mtu hajisemei. Ukitaka kuoa, kuna mtu wa kukusemea. Ukigombana na jirani juu ya mpaka wa shamba, kuna mtu wa kukusemea. Wewe mwenyewe unakaa kwenye mkeka, macho chini, kana kwamba habari inayozungumzwa ni ya mtu mwingine. Mimi nimekulia katika nyumba ya msemaji. Baba yangu alikuwa na boti ya mizigo ziwani, lakini boti haikumpa jina. Jina alipewa na mdomo wake. Familia zilikuja kumwomba asimame upande wao siku ya posa, Waislamu wenzake na Wakristo vilevile, watu wa mjini na watu wa Lubondja waliofika na matope ya shamba miguuni. Aliwahi kumsemea hata kijana mmoja wa kambi ya wakimbizi ya Lusenda, Mrundi asiye na ndugu upande huu wa mpaka.

Sifa yake kubwa, hata hivyo, ilikuwa kunyamaza. Alisema neno lake, halafu akatulia, akatulia sana, mpaka upande wa pili ukajikuta unakijaza kimya kile kwa kukubali. Watu walisimuliana kimya cha baba kama vijana wanavyosimuliana mpira. Mama alisema nyumbani pia anakitumia, hasa akiulizwa alikuwa wapi.

Sasa mtoto wa nyumba hiyo angejifunzia wapi kujisifu?

Nilikuwa nimemaliza masomo ya kompyuta Bukavu, nimerudi nyumbani, nafanya kazi ya muda katika kituo cha afya huko Lusenda, nikitunza majina ya wagonjwa kwenye mashine. Ndipo kampuni moja ya ushauri na teknolojia ikatangaza kwamba inatafuta vijana. Kazi yao, kwa jinsi nilivyoielewa, ni kwenda kwenye kampuni za watu, kutazama mambo yanakwama wapi, kisha kutengeneza njia na programu za kuyakwamua. Niliitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Nilikuwa nimechoka kuwa msichana mwenye diploma ambaye watu wanamletea simu zilizoingia maji.

Niliomba, wakajibu kwamba kwanza watanipigia simu tufahamiane. Nikamweleza baba. Nilidhani amesikia kama mzazi, kumbe amesikia kama msemaji. Siku ya simu nilimkuta sebuleni amevaa kanzu ya sikukuu na kofia, na simu ilipolia mezani alinyoosha mkono akaichukua kabla yangu.

"Allo. Mi njo baba yake," alisema. "Mutoto iko hapa, anakusalimia. Juu ya mambo yake, tuongee mi na we."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Upande wa pili alikuwa mwanamke, wa Kinshasa kwa matamshi yake, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Baba alimuuliza habari za nyumbani, za wazee, za mvua. Kisha akamwambia kwamba msichana huyu amelelewa, akanyamaza. Kimya kile nilikijua. Mwanamke yule akaita allo, allo, mwishowe akacheka kwa upole, akasema atapiga tena kesho yake, na safari hiyo angependa kuisikia sauti ya mtoto mwenyewe.

Nilikuwa na maneno makali mdomoni, lakini nilimwona baba akivua kofia na kuiweka magotini, na maneno yakanirudi tumboni. Aliniuliza amekosea wapi. Nikamweleza kwamba kule kila mtu anajisemea, anajisifu kwa mdomo wake, na asiyejisifu anarudi nyumbani.

"Na bazazi yake bako wapi?" aliuliza.

Nikamwambia wazazi wapo, ila hawaulizwi. Alitikisa kichwa. Akasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nami nikamjibu kwamba basi mwaka huu nitajitembeza kama mama muuza samaki wa ndagala, sinia kichwani, mlango kwa mlango. Hapo alicheka. Alipokuwa akitoka alisema kwamba tangu leo hatanisemea tena. Atanifundisha kusema.

Simu ya kesho yake niliipokea mwenyewe, nikapita. Kilichobaki kilikuwa usaili mkubwa, kwa video. Wangenipa tatizo la kampuni fulani nilitatue papo hapo mbele yao, kisha wangetaka niwaeleze mimi ni nani. Tatizo halikunitisha. Nilitishwa na hilo swali la pili.

Kila asubuhi, kabla hajateremka ziwani, baba aliketi uani kwenye kiti cha plastiki akawa kampuni. Mimi nilisimama mbele yake karibu na sufuria za mama. Aliuliza kwa Kiswahili, na nikijibu kwa Kifaransa alinikatiza. Alisema mwenye kulielewa jambo hulieleza kwanza kwa lugha ya mama yake, ndipo alivike nguo za wageni. Basi nikaeleza. Shule niliyosoma, diploma, vyeti, mafunzo.

"Hio ni karatasi," alisema. "Muntu iko wapi?"

Nikaongeza kwamba mimi ni mchapakazi, mwaminifu, mwepesi wa kujifunza, yale yote wanayoshauri kwenye mtandao. Mama alicheka mpaka akaacha kuchochea moto. Baba hakucheka.

"Usijisifu, mama," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita nilipomtia huruma. "Ongea kitu moja ulifanya. Kisha unyamaze. Benyewe batakusifu."

Tukakitafuta kitu hicho pamoja. Ilituchukua asubuhi nyingi, kwa kuwa mimi niliona sijafanya lolote. Mwishowe nikamsimulia jambo la kituo cha afya, nikilisimulia kama kichekesho tu. Tulipoanza kutumia mashine, tuliwaita akina mama kwa majina ya kwenye kadi, na wengi hawakuitika. Tangu wajifungue hakuna aliyewaita hivyo. Wanajulikana kwa jina la mtoto wa kwanza. Kadi zikapishana, watoto wakangoja dawa wakilia. Nikaibadilisha programu iulize kwanza, wewe ni mama nani, na watu wakaanza kuitika. Baba aliposikia alijipiga paja. Alisema nilikuwa nimejificha hapo muda wote.

Usaili ulipokaribia, baba alialikwa Lusenda kuisemea familia moja ya Baraka iliyokuwa ikiposa huko. Sikuwepo. Nilisimuliwa na baba mdogo, ndugu yake, aliyeketi naye mkeka mmoja. Baba alisalimia, akawaombea wazee heri, akaanza kueleza kilichowaleta. Katikati akanyamaza. Watu wote wakatulia. Wazee wa upande wa binti walitazamana kwa furaha kidogo, kwa kuwa hicho ndicho kimya walichokuwa wakikisikia kwa watu, na leo kimefika kwao. Wakangoja. Baba mdogo naye akangoja, kifua mbele, akijivunia kaka yake. Walingoja kwa heshima zote. Kofia ilipoanguka na baba asiiokote, ndipo mtu mmoja alipoona kwamba mdomo wake umeshuka upande mmoja.

Walimleta hospitali ya Baraka juu ya gari lililokuwa limepakia muhogo. Daktari alisema ni kiharusi, akasema wangefika mapema zaidi, labda, halafu hakuimalizia sentensi yake. Sijamlaumu mtu yeyote wa mkeka ule. Hata mimi ningengoja.

Baba alirudi nyumbani bila sauti, mkono wa kulia umelala. Nilitaka kuiandikia kampuni waniahirishie. Nilipomwambia hivyo aliupiga mkono wa kiti kwa mkono wake wa kushoto, akaupiga tena na tena, mpaka nikaelewa, nikaenda kusimama mbele yake kama zamani. Tukaendelea hivyo. Nikijisifu, aligeuza uso. Nikisimulia, alinitazama. Kuna asubuhi nilishindwa, nikaenda kulia nyuma ya jiko, nikanawa uso, nikarudi nikaanza upya. Yeye alikuwa bado anasubiri.

Siku yenyewe niliketi sebuleni, karibu na dirisha la upande wa ziwa ambako rezo, mtandao wa simu, inashika vizuri. Baba tulimketisha nyuma ya kompyuta, mahali ambapo kamera haimwoni, kofia kichwani. Tatizo lao lilihusu duka kubwa lenye matawi mengi ambalo bidhaa zake zilikuwa zikioza ghalani. Nililikatakata vipande, nikauliza maswali, nikawaonyesha panapokwama, na nikawaona wakiandika. Kisha mmoja wao akaniomba nijieleze. Nikawasimulia, kwa Kifaransa, akina mama wa Lusenda na majina yao. Nilipomaliza, nikanyamaza.

Baba hakujua Kifaransa zaidi ya salamu, lakini kimya alikijua. Upande wa uso wake uliokuwa bado hai ulitabasamu. Nilikuwa nikimtazama yeye, siitazami skrini, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena mpaka leo. Kwenye kompyuta sauti moja iliuliza kama bado nipo. Nyingine ikasema nadhani rezo yake imekatika. Nikawaambia nipo, nimemaliza. Wakauliza kama sina la kuongeza juu yangu. Nikasema sina.

Jibu lilikuja kwa barua pepe. Walisifu nilivyolitatua tatizo lao. Lakini mtu wa kazi hii, walisema, huketi mbele ya wateja, na mimi nilionekana sijiamini, sina mengi ya kusema kunihusu. Walinitakia mafanikio. Nilimsomea baba nikitafsiri, bila kupunguza neno, kwa sababu hakuna aliyewahi kumdanganya mzee yule akaweza. Nililia nikiwa nasoma, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni.

Baba akaanza kuhangaika kitini. Nilidhani anataka maji. Hapana. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unanyooka kuelekea simu yangu iliyokuwa mezani. Nilimpa. Aliiweka sikioni, haijapigwa kwa mtu yeyote, akafungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa neno. Akajaribu tena. Mama alitoka nje. Mimi nilibaki nimepiga magoti mbele yake, na moyo uliniuma kiasi kwamba sikuweza kumwondolea simu ile. Niliacha aseme mpaka alipochoka mwenyewe.

Alifariki kabla mvua hazijaisha.

Kwetu, jeneza haliinuliwi kabla mtu wa ukoo hajasimama uani kumsemea marehemu na kumwombea radhi. Miaka yote, msiba ukiwa wetu au wa jirani, mtu huyo alikuwa baba. Sasa wanaume walibaki wakitazamana. Baba mdogo alikuja mpaka kwenye pazia la upande wetu wanawake, akaniita kwa sauti ya chini. Sisi hatusimami pale uani. Alitaka kujua aseme nini. Aseme alikuwa mkarimu? Mcha Mungu? Mpenda watu?

"Hio ni karatasi, baba mudogo," nilimwambia. "Ongea kitu moja alifanya. Kisha unyamaze."

Nikamnong'oneza kitu chenyewe. Alirudi, akasimama kando ya jeneza, akaomba radhi kwa niaba ya kaka yake. Halafu akasema kwamba kulikuwa na kijana wa kambini, Mrundi, aliyetaka kuoa na hakuwa na hata mtu mmoja wa kumsemea. Kaka yake alikwenda, akaketi upande wa kijana yule, peke yao wawili kwenye mkeka mzima. Wazee wa binti walipomuuliza huyu kijana ni nani wako, aliwajibu, "Leo mi njo baba yake."

Hapo baba mdogo akanyamaza. Nyuma ya pazia nilisikia mwanamume akilia, upande wa mlangoni walikoketi watu wa kambini, na sikuhitaji kuchungulia kujua ni nani. Watu wakangoja, kama walivyongoja kule Lusenda, na safari hii kungoja kwao hakukumdhuru mtu. Kisha wakamwinua.