Kupita Juu ya Nyumba ya Shangazi

Nikiwa kwenye foleni ya duka letu la vyakula hapa Louisville, nilimsikia mama mmoja Mkongomani akimuuliza binti yake Buffalo ni mbali kiasi gani. Mjukuu amezaliwa huko.

Binti akachungulia simu. "Airport kwa airport, ndege inaruka kwa muda wa saa moja na nusu. Inapita juu ya Columbus."

Mama akaweka chini sombe, yale majani ya muhogo. "Juu? Donc, yaani nipite juu ya nyumba ya shangazi yako bila kumusalimia?"

"Hatakuona, Mama."

"Mungu ataniona."

Akampigia shangazi hapo hapo. Duka zima tulisikia jibu: "Mukuje na gari! Naweka maji ya bugali kwa moto!"

Kwa gari, simu inasema safari ni ya saa nane. Simu haina shangazi Columbus.