Filamu Ambayo Wazazi Wangu Hawakuimaliza

Baba yangu alirudi kwetu akiwa amepooza upande mmoja. Sisemi alirudi kwa mama. Alirudi kwangu, kwenye nyumba ninayopanga Ruiru, upande wa Kamakis, kwa sababu mimi ndiye kifungua mimba na hospitali ilipopiga simu ilinipata mimi. Yule mama aliyekuwa akiishi naye alikuwa ameshafariki, na watoto wa yule mama hawakutaka mzigo wa mzee asiyekuwa baba yao.

Alituacha nikiwa bado shule ya msingi. Kiwanda cha nguo alichofanyia kazi Thika kilipunguza watu, akaenda Ruiru kutafuta kibarua. Mwanzoni alikuja kila wikendi, halafu mwisho wa mwezi, halafu Krismasi, halafu basi. Mama alibaki Makongeni, hapo hapo Thika, na cherehani yake, akishona sare za shule, akatulea. Hakumtukana mbele yetu hata siku moja. Aliacha tu kumtaja.

Hadithi moja ndiyo iliyokuwa ikimponyoka, hasa akiwa anashona na mawazo yakiwa mbali. Kabla hawajaoana, wakiwa vijana wawili waliotoka magharibi mwa nchi kutafuta kazi, baba alimpeleka sinema mjini Thika, Jumapili mchana. Filamu ilikuwa ya Kimarekani, ya mapenzi, ya zamani hata kwa wakati ule, haina rangi. Nakala yenyewe ilikuwa imechoka. Mikwaruzo ilikuwa mingi kama mvua, sauti inapotea na kurudi. Karibu na mwisho, mwanamume aliyekuwa amepotea miaka mingi anapanda ngazi za nyumba ya mpenzi wake, na kabla hajabisha mlango, mkanda ukakatika. Taa zikawashwa, watu wakapiga mbinja na kudai warudishiwe kiingilio. Katika zile kelele baba akamwinamia mama sikioni akamwambia wafunge ndoa.

"Sikusikia vizuri," mama alikuwa akisema. "Ilibidi arudie kwa sauti, na watu wa nyuma wote wakasikia."

Hawakuwahi kuona mwisho wake. Baba alishikilia kwamba mlango ulifunguliwa. Mama alishikilia kwamba mwanamke alikuwa ameshakufa ndani.

Mwaka jana familia moja ya Kihindi, ambayo mtoto wao nilimfundisha chekechea, ilikuwa ikihama nchi. Mama wa mtoto huyo aliniita nichague chochote nipendacho kabla vitu havijagawanywa. Kwenye sanduku la vitabu nikaona kasha la DVD, bado limefungwa na plastiki yake. Nyuma palikuwa na maelezo kwamba filamu imesafishwa na kurekebishwa upya, picha kwa picha. Nikasoma habari ya mwanamume anayerudi, nikatazama picha ya ile nyumba yenye ngazi, nikajua ni ile.

Nilimpigia mama simu siku hiyo hiyo. Alikuwa anajua baba yuko kwangu. Tangu baba alipofika, mama hakuwa amekanyaga Ruiru.

"Ile ya ngazi?" aliuliza.

"Ile ile."

"Nitakuja Jumapili baada ya kanisa. Lakini nisikilize vizuri. Nakuja kuangalia filamu. Siji kumwangalia mtu."

Alikuja na gauni lake la kanisani na mfuko wa kunde zilizochambuliwa tayari. Baba alikuwa kwenye kiti, nimemwegemeza na mito, mkono wa kulia umelala mapajani. Tangu apooze alikuwa na maneno machache, na mengi yalikuwa yamechanganyika. Mama akamsalimia kama unavyomsalimia mgonjwa usiyemjua, akaketi kwenye kiti cha pili, macho kwenye televisheni. Madirisha nilikuwa nimefunga, lakini moshi wa nyama choma ulikuwa unaingia tu, na muziki wa baa za barabarani.

Filamu ikaanza. Sijui nilitarajia nini, labda ile mikwaruzo. Picha ilikuwa safi kiasi cha kutisha. Uliona jasho juu ya mdomo wa yule mwanamume. Uliona poda ilivyokusanyika kwenye makunyanzi ya yule mwanamke, ukajua hakuwa msichana mdogo.

Mama alisogea mbele. "Hilo gauni," alisema. "Kumbe lina vifungo mgongoni. Sisi tuliona kitu cheupe tu kinatembea." Gauni lake la harusi alikuwa amelishona akikumbuka lile, na sasa aliona kwamba kola aliikosea, na mikono aliikosea. Alisema hivyo bila kucheka. "Nilikisia kila kitu."

Katikati ya filamu baba alianza kuhangaika. Mkono wake wa kushoto, ule mzima, ulitambaa juu ya kiti mpaka ukaupata mkono wa mama, ukaushika. Nilimwona mama akikakamaa mabega. Hakuutoa mkono wake.

Kisha baba akamwita. Akamwita kwa jina la yule mama mwingine.

Alilitamka vizuri, yeye ambaye asubuhi alishindwa kusema maji. Alilitamka kwa upole ambao sikuwahi kuusikia nyumbani kwetu Makongeni. Nilisimama. Nilitaka kumwambia, huyu si yeye, huyu ni mke wako. Mama akanitazama na kutikisa kichwa, nikaketi.

"Eeh," mama alimjibu baba.

Baba alitafuta maneno kwa muda mrefu, mdomo ukivutika upande. "Yule wa Makongeni," alisema. "Bado amekasirika?"

Kwenye televisheni watu walikuwa wakicheza densi. Mama aliwatazama mpaka wimbo ukaisha.

"Bado," alisema.

Baba akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeletewa habari aliyokuwa ameshaijua. Macho yakamlegea. Zile ngazi zilipofika alikuwa amelala, anakoroma, mate yanamtiririka shavuni. Mwanamume akapanda. Akabisha. Mlango ukafunguliwa, mwanamke akatokea na lile gauni jeupe, wakakumbatiana, vinanda vikapaa, na maandishi yakaja.

"Ni hivyo tu?" mama aliuliza.

"Ni hivyo tu."

"Miaka yote nikidhani alikufa." Akautoa mkono wake pole pole, akachukua kitambaa, akampangusa baba shavu, kisha akaenda jikoni kuchemsha kunde. Nilimfuata. Nilikuwa na hasira, na sikujua namkasirikia nani kati yao.

"Kwa nini umemwacha aendelee hivyo? Kwa nini hukumwambia ni wewe?"

"Aliuliza, nikamjibu," mama alisema. "Sasa nipe sufuria."

Hakuja tena Ruiru baba akiwa hai. Kila Jumapili alinipigia simu kuuliza kama mimi nimekula, kama nalala, na hakuuliza la zaidi. Baba alipata kiharusi cha pili wakati wa baridi, akafariki. Tuliokuwa naye ni mimi na jirani.

Tulimsafirisha nyumbani magharibi. Watu wa ukoo walimwekea mama kiti kando ya jeneza, kwa kuwa ndiye aliyeolewa kwa desturi na hawakumtambua mwingine. Alikaa. Akina mama waliomboleza juu yake, wakimwita mjane, wakimsifu kwa uvumilivu, na yeye akawaacha wamalize. Ilipofika zamu ya mke kusema, mwelekezi wa ratiba ya mazishi akampa maikrofoni. Nilifumba macho.

"Nilimjua akiwa kijana," mama alisema. "Alikuwa mtu wa kuchekesha. Hayo mengine Mungu anayajua."

Akarudisha maikrofoni. Mwelekezi alisubiri, akidhani kuna zaidi, halafu akaanzisha wimbo.

Tulirudi kwa basi siku iliyofuata. Njiani liliposimama ili watu wapate chakula, mama alisema hataki kushuka. Nilirudi na chai nikamkuta analia, leso ameibana mdomoni ili abiria wa nyuma wasisikie. Tangu utoto wangu sikuwa nimemwona akimlilia baba, hata ile miaka aliyoacha kuja. Nilikaa kando yake nimeshika kikombe.

"Kunywa wewe," alisema mwishowe. "Inapoa."