Mama Wawili Waliokataza

Mama alikuwa na neno moja alilompimia kila kijana aliyetajwa nyumbani kwetu: kufu. Huyu si kufu yako, hamlingani. Yule labda, lakini nyanya yake alikuwa mkorofi. Sisi ni watu wa Malindi mjini, mama ni mzaliwa wa Mambrui, na kwake ukoo wa mtu uliulizwa kabla ya afya yake. Nilikulia katika mazungumzo hayo na sikuyaona mabaya.

Kisha nikaajiriwa ualimu, nikapelekwa kijijini Jilore. Nililia, nikaona nimetupwa porini. Watoto wa darasa la kwanza walizungumza Kigiriama, nami sikujua hata kuwaambia wakae. Aliyenifundisha alikuwa kijana aliyelima nyanya na mabamia kando ya mto Sabaki na kuleta mboga jikoni mwa shule. Nikikosea, alicheka mpaka akashika tumbo, halafu akalirudia neno polepole hadi nikalipata. Masomo yake yaliishia kidato cha nne. Alikuwa Mwislamu kama sisi, na aliniuliza mambo ambayo hakuna mchumba wa mjini aliyewahi kuniuliza, kama vile kwa nini jana nilikuwa kimya. Mwaka uliofuata akaniambia anataka kuja kuposa.

Nilipompa mama habari, aliendelea kuchambua mchele.

"Mkulima," akasema. "Wa Jilore."

"Mama, anaswali, ana kazi yake, na ananiheshimu."

"Hata bawabu wa duka la babako anaswali. Nikiulizwa huyo mkwe ni wa kina nani, nijibu nini?"

Baba aliuza vitambaa, na maneno yake yalikuwa machache. Alisema tu, "Waje."

Wakaja Jumamosi moja: baba yake, ami yake, na mama yake aliyejifunga leso mpya ambazo hazijafuliwa hata mara moja. Walileta kuku wawili na gunia la mahindi mabichi. Mama hakuwakaribisha sebuleni. Aliwatandikia mkeka barazani, pale walipokuwa wakikaa watu waliokuja kuomba kibarua. Nilisimama nyuma ya pazia nikiona aibu.

Baba alirudi kutoka msikitini baada ya alasiri akawakuta. Akautazama mkeka, akautazama mlango wa sebule uliofungwa. Hakumkemea mama. Alivua viatu, akamwamkia baba wa yule kijana shikamoo, kwa kuwa mzee huyo alimzidi umri, akaketi naye bega kwa bega. Kisha akaita kwa sauti iliyofika jikoni: "Leteni chakula huku. Mimi nakula na wageni wangu."

Tukapeleka sinia la wali, nami nikarudi nyuma ya pazia. Walipokwisha kunawa, baba akamgeukia mama wa yule kijana.

"Mamangu, niambie kweli. Binti yangu hajui kulima wala kutwanga. Mtamweza?"

Yule mama akamtazama usoni. "Mimi nilimkataza mwanangu, bwana. Nilimwambia watu wa mji watatudharau, na watoto wake wataona haya kusema bibi yao ni nani. Nimekuja kwa sababu amekataa kunisikia."

Sikuwahi kufikiri kwamba na wao waliketi kwao wakatupima, wakaona hatufai. Nyuma yangu birika lilitua mezani kwa kishindo. Kumbe mama naye alikuwa akisikiliza. Akanipita, akatokeza barazani, akamkabili yule mama bila kutabasamu.

"Na mimi nimemkataza wangu," akasema.

"Na amekusikia?"

"Wapi!"

"Basi tumeshindwa sote, dada yangu."

Baba ndiye aliyeanza kucheka. Mama alijaribu kujizuia, mabega yakaanza kumtikisika, mwishowe akakaa mkekani akajifuta machozi kwa ncha ya buibui. Aliporudi ndani kuchukua kahawa, alinipita kama hanioni, lakini vikombe alivyotoa vilikuwa vile vya Idi.

Nisidanganye kwamba mambo yalinyooka siku hiyohiyo. Kwa miaka kadhaa mama aliwaambia shoga zake kwamba mkwewe "ana mashamba," na mume wangu alikuwa akiulizwa habari za mashamba hayo kwenye harusi za watu, akijibu kwa adabu kwamba nyanya zinaendelea vizuri. Nilipojifungua na kurudi kwa mama kumaliza arobaini, mama mkwe alikuja kutusaidia, akalazwa chumba kimoja na mama. Nikiwa kitandani niliwasikia wakisimuliana juu ya watoto waliowazika wakiwa wachanga. Sikujua kabla ya hapo kwamba mama aliwahi kuzika mtoto.

Sasa tunaishi Mnarani, nami nafundisha Kilifi. Mume wangu amekodi shamba Junju. Baba ametangulia mbele ya haki, na kila ninapomwombea dua namshukuru kwa kuvua viatu vyake siku ile. Namshukuru pia mama mkwe, aliyepanda gari kwenda kuposa mahali alipotarajia kudharauliwa, kwa ajili ya furaha ya mwanawe.

Mwezi uliopita mama wote wawili walikuwa kwangu. Walipika mchunga, zile mboga chungu, wakagombana: mama mkwe ataka zichemshwe mara moja tu, mama ataka maji yamwagwe kwanza na tui liwe zito. Mume wangu aliingia, akaulizwa aamue, akageuka akatoka mbio. Nilikuwa chumbani nikisahihisha mitihani. Nikaweka kalamu chini, nikasema alhamdulillahi, nikaenda jikoni kuonja.