Takwimu za Noemi

Loredana aliketi safu ya nyuma kabisa, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Mitihani ya mdomo pale Chuo Kikuu cha Padova, Italia, ni ya wazi, yeyote anaweza kuingia akasikiliza, ila wazazi hawaendi. Na yeye, mpishi wa shule ya chekechea aliyeacha masomo mapema, angetafuta nini kwenye mtihani wa takwimu? Noemi alimwonya tangu asubuhi: "Mama, ukija, ujifanye hunijui."

Chuo cha Marekani kilikuwa kimekubali kumpokea Noemi akamalizie huko shahada yake ya uchumi. Masomo aliyofaulu hapa wangeyahesabu yote. Lilibaki somo la takwimu tu, nalo walilitaka kabla ya Agosti. Hapa mtihani mwingine ni Septemba. Yaani ni leo, au abaki.

Na somo hilo angekuwa amelimaliza zamani. Februari alipewa ishirini na nne juu ya thelathini, na kufaulu ni kuanzia kumi na nane, akaikataa, kama wafanyavyo wote: alama usiyoipenda unaikataa, inafutika, unarudi siku nyingine. Nyumbani hakuna aliyeshangaa. Loredana mwenyewe alisema, "Vizuri. Wewe si mtoto wa ishirini na nne." Marekani ilikuwa bado haijatajwa.

Tangu itajwe, Loredana anaunguza vitunguu kazini. Anaomba binti afaulu, na kabla hajamaliza sala anajikuta anawaza Septemba, Noemi bado yuko chumbani kwake, soksi zake bado kwenye kamba. Anajichukia, anaianza sala upya.

Mbele, Profesa Zordan aliweka kalamu chini. Swali la mwisho Noemi alikuwa amelijibu kwa kubabaika, shingo nyekundu.

"Haya, binti. Ishirini na moja. Unachukua?"

"Profesa, mwezi wa pili ulinipa ishirini na nne."

"Mwezi wa pili ulikuwa umesoma."

Wanafunzi wakacheka. Noemi akainua kidevu, na Loredana akajua kinachokuja. Wiki nzima binti alikuwa akisema alama ndogo itamharibia wastani, kwamba Wamarekani akiwabembeleza watamsubiri. Hawatasubiri. Loredana hakujua mambo ya vyuo, lakini watu wasiosubiri aliwajua.

"Basi, naomba nirudi..." alianza Noemi.

Hapo Loredana angenyamaza tu. Angenyamaza, na mtoto angebaki nyumbani, na hakuna ambaye angemlaumu. Alisimama ghafla mpaka mkoba ukaanguka.

"Chukua, Noemi! Acha ujinga, mwanangu, chukua!"

Ukumbi mzima ukageuka. Profesa akashusha miwani puani.

"Na wewe mama, zamu yako ya mtihani ni saa ngapi?"

"Mimi nilishafeli zamani, Profesa. Mwandikie huyo."

Kicheko kikapasuka. Noemi peke yake hakugeuka. Masikio yalimwaka kama pilipili.

"Nachukua," akasema, kwa sauti ndogo.

Nje kwenye korido alimpita mama yake kama ukuta. Akafika kwenye ngazi, akasimama, akarudi.

"Umeniaibisha mbele ya darasa zima! Nitawatazamaje?"

"Kwani utawaona tena? Unaenda Marekani."

Loredana alikuwa hajawahi kulisema hilo kwa kinywa chake. Akaushika ukuta.

"Mama? Una nini?"

"Njaa," alisema Loredana. "Twende tukale."