Jiwe Lililonyamaza

Juzi nilikuwa natoka Sepuka kwa baiskeli, mvua ya kwanza ikanikuta njiani, nikajibanza kwenye jabali. Unaijua, rafiki yangu, harufu ya jiwe la moto likiguswa na maji? Wengi huipenda. Mimi ilinitoa machozi, na unajua nilivyo mtu wa kucheka.

Nilipokuwa mdogo, wakati wa vita vya pili, mama mdogo aliyenilea alikuwa mpasua mawe wa barabara. Malori ya jeshi yalitakiwa yapite hata masika, basi wanawake wa kwetu wakapelekwa majabalini. Asubuhi tulikunywa uji wa uwele, wenye asali kama ipo, tukaongozana. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji.

Njia ya kwetu ilitaka subira. Unarundika kuni juu ya jabali, unachoma mpaka lipate moto hasa, halafu unalimwagia maji baridi. Linalia ta, ta, ta! Likinyamaza, unasogea, unaweka sikio, unagonga polepole kujua ufa umepita wapi. Kwa sikio, mama mdogo hakuwa na mpinzani. Wenzake walimtania, "Wewe umeolewa na mawe!" Naye hujibu, "Afadhali haya, hayalewi." Basi ni kicheko mpaka nyundo zinawaponyoka.

Malori yalipozidi, njia yetu ikaonekana ya uvivu. Msimamizi akaleta baruti. Akaeleza kwa Kiswahili cha haraka, mbele ya wanawake wanaojua Kinyaturu tu, kwamba wakimbie na wasirudi mpaka apige filimbi. Wakaelewa kukimbia. Jabali la kwanza likapasuka. La pili likakaa kimya. Mama mdogo akangoja, akasema, "Hili limeshatulia," akaenda kuweka sikio.

Mimi nilikuwa kisimani. Nilisikia kishindo, kisha mayowe.

Msimamizi alisema marehemu alikaidi amri. Neno hilo lilimchoma bibi, mama yake, kupita kiasi. Tulipomaliza msiba akatembea hadi boma, nami nikiwa mkalimani wake kwa kuwa nilishaanza shule. Hakutaka chochote ila waseme mbele ya watu kwamba mwanawe ameuawa na vita, si ukaidi.

"Bibi, vita viko ng'ambo huko," karani akasema.

"Muulize, haya mawe tunampasulia nani?"

Karani akatabasamu, akatushauri tuwahi njia kabla jua halijawa kali.

Vita vilipokwisha, askari wetu walirudi kwa lori, wakachinjiwa ng'ombe. Kijana wa jirani akaja kumwamkia bibi. "Shikamoo, bibi. Barabara imekuwa laini, hatukurushwa hata kidogo!"

"Marahaba. Kula nyama, mjukuu wangu."

Siku hizi sioni mtu anayepasua jabali kwa moto. Wale wanawake wametawanyika, wengine Kiomboi, wengine sijui wapi. Mimi naota sana, hata mchana. Ndoto yangu moja ni mtu wa boma anaingia uani kwetu, anavua kofia, anamwambia bibi kwa Kinyaturu safi, "Mwanao hakukaidi." Lakini bibi tulimzika mwaka jana. Sasa hata ndotoni, yule mtu akifika, anasimama na kofia yake mkononi, na uani hakuna wa kumwitikia.