Si Fedha, Ni Risasi

Kinyaa changu kilikuwa wapi? Hilo ndilo swali ambalo mpaka leo sijalipatia jibu. Mwili wa binadamu umepewa kinyaa ili kiulinde. Nyama ikioza, pua huikataa kabla mkono haujaigusa. Maziwa yakichacha, ulimi huyatema. Lakini mimi niliweka sumu midomoni mwangu kwa miaka mingi, nikaionja, nikaimeza, na mwili wangu haukusema neno. Sikuwahi hata kukunja uso. Nauandika ushuhuda huu ndani ya ndege inayonitoa Guangzhou, nikiwa sasa na kinyaa cha kutosha, ingawa kimechelewa. Nawaandikia wale wanaoishi na maradhi yasiyo na jina na wameanza kukata tamaa.

Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa shughuli mbili. Nina shahada ya historia, na historia haikunipa ajira. Kwa hiyo nusu ya mwaka hukaa Guangzhou, mtaa wa Xiaobei, nikinunua mikanda na mikoba ya ngozi katika viwanda vya Shiling na kuipeleka nyumbani Arusha. Nusu ya pili nilikuwa nikikaa katika karakana ambayo kaka yangu mkubwa, Elinami, anaiendesha kwa leseni. Humo tulitengeneza kwa mkono risasi za bunduki za kuwindia, zile za mtindo wa zamani zenye ncha laini. Ni kiini cha madini ya risasi kilichovishwa koti la shaba, ncha ikaachwa wazi, ili ikimpata mnyama ipanuke na kumwangusha papo hapo asiteseke. Wawindaji wazee walitujia sisi na kuziacha za kiwandani. Walisema ya kiwandani imetengenezwa kwa ajili ya bunduki zote, na yetu kwa ajili ya bunduki moja.

Niliipenda kazi ile. Madini yanapoyeyuka huwa kama kioo, na ukiyatazama kwa utulivu unaweza kuona taa ya juu ikielea ndani yake. Nilipenda kupima baruti mpaka sindano ya mizani itulie, na kuzipanga risasi zilizokamilika katika safu, kila moja ikiwa na ncha yake ya kijivu. Ugumu ulikuwa mmoja. Mkono wa kulia huvuta mpini wa mashine, wa kushoto hushika kikombe cha shaba, ambacho ndicho koti la risasi. Basi kiini kinachofuata kikae wapi? Elinami alikibana midomoni, kama fundi cherehani anavyobana pini. Nami nikamwiga. Vilikuwa na utamu wa mbali, usiokera. Tukawa tunazungumza kwa kubana meno, na wateja wakatuuliza kama tumekula viazi vya moto.

"Hizi ni peremende za wanaume," Elinami aliwajibu.

Ugonjwa ulianza niliporudi Guangzhou, baada ya msimu wa kazi nyingi. Ulianzia mdomoni. Kila nilichokula kilikuwa na ladha ya sarafu iliyonyonywa. Wali wa mgahawa wetu wa Xiaobei, ambao nilikuwa nikiutamani hata nikiwa nyumbani, ukaninukia kama maji ya kuoshea vyombo. Kisha tumbo likafunga. Siku zikapita bila kwenda haja kubwa, tumbo likawa gumu kama ubao, na maumivu yakaja kwa vipindi, kana kwamba mtu ananikamua utumbo kama nguo. Nilitapika maji ya kijani. Nilipojitazama kwenye kioo niliona mstari mweusi wa samawati umeizunguka fizi yangu ya chini. Niliusugua kwa mswaki mpaka damu ikatoka. Haukufutika.

Nilikuwa nikikaa chumba kimoja na Shabani, wakala wa mizigo kutoka Dar es Salaam, mtu asiyejua kumung'unya maneno.

"Kaka, utanisamehe," alisema, "lakini mdomo wako unanuka kama betri."

"Ni tumbo tu."

"Basi nenda hospitali. Ila jiandae. Hapa hata ukivunjika mguu watakwambia unywe maji ya moto."

Nilikwenda peke yangu. Daktari alikuwa mama wa makamo aliyevaa miwani. Alinivuta mdomo kwa kidole chenye glavu, akaitazama fizi kwa muda mrefu, akaagiza nitolewe damu. Niliporudi kuchukua majibu alisema maneno matatu: "Qian tai gao."

Sisi wafanyabiashara tunalijua neno qian kabla hatujajua kushukuru. Ni fedha. Na tai gao ni juu mno. Nikaelewa kwamba matibabu yangu ni ghali.

"Mei qian," nilimjibu kwa Kichina changu cha sokoni. Sina fedha.

Alitikisa kichwa, akaninyooshea kalamu kifuani. "You qian." Unazo.

"Mei qian."

"You qian," alisema tena, sasa kwa ukali. "Tai duo." Unazo, tena nyingi mno.

Mgonjwa aliyekaa nyuma yangu akacheka. Niliinuka nikaondoka bila kuaga. Nilimwona yule daktari kama fisi, anayenusa mfuko wa mtu aliyelala chini. Shabani naye akanitia ujinga zaidi.

"Ulivaa saa ile kubwa? Ndiyo waliyoiona."

Nikanunua dawa ya kulainisha choo dukani, nikanywa. Haikufua dafu.

Baada ya hapo hali ikawa mbaya. Nilikuwa Shiling, ndani ya duka la mikoba, nimeuinua mkono wa kulia ili nielekeze mkoba niliotaka. Mkono ulipanda, kiganja kikaanguka. Kilining'inia kama kitambaa kilicholowa. Nilikiamuru kiinuke, hakikusikia. Mwenye duka, ambaye wote humwita laoban, alidhani ninaikataa bidhaa kwa dharau, akapunguza bei. Nikatikisa mkono kwa hofu, kiganja kikapigapiga hewani. Akapunguza tena.

Tuliicheka habari hiyo baadaye. Siku ile nililia ndani ya basi. Sikuweza kufunga kifungo wala kushika kijiko, na chooni nilijisafisha kwa shida kwa mkono ambao haukuzoea, huku nikinuka. Akili nayo ikaanza kuyumba. Nilimtukana Shabani kwa sababu ya taulo. Nilisahau jina la mtaa ninaoishi. Ndipo Shabani alipomwita Salma, binti wa Unguja anayesomea udaktari Guangzhou kwa ufadhili.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Hebu nyanyua mkono."

"Nimenyanyua."

"Hapo, mjomba, umenyanyua bega."

Akanirudisha hospitali ile ile, kwa mama yule yule. Walizungumza. Nikaliona jicho la Salma linacheka, kisha likaacha kucheka.

"Skiza, mjomba. Huyu mama hakutaka fedha zako. Fedha ni qian, sauti inapanda. Alilosema ni qian, sauti imenyooka. Si fedha, ni risasi. Una risasi mwilini."

"Sijapigwa risasi maisha yangu yote."

"Sikusema umepigwa."

"Sasa itaingiaje, mwanangu, bila mtu kupigwa?"

"Madini, mjomba. Risasi ile inayotiwa kwenye betri. Anauliza, kazi yako nini?"

Neno moja la Kiswahili, ambalo nimelitamka tangu utoto, likafunguka mbele yangu likawa mawili. Nilimweleza kazi yangu. Nilimwonyesha mpini kwa mkono wa kushoto, kisha nikabana midomo kumwonyesha mahali pa viini. Salma aliacha kutafsiri.

"Midomoni?"

"Midomoni."

"Kila siku?"

"Kila siku ya kazi. Na kaka yangu pia."

Alipomaliza kumwambia daktari, mama yule aliinuka. Alikwenda kwenye sinki, akanawa mikono taratibu mpaka juu ya viwiko.

Picha ya tumbo ilionyesha punje nyeupe zimetawanyika ndani ya utumbo, zinang'aa kuliko mifupa yangu mwenyewe. Daktari alieleza, Salma akatafsiri: zikiendelea kukaa, mkono hautarudi, baada ya mkono ni figo, na baada ya figo ni akili. Nilimwelewa. Lakini niliyekuwa nikimfikiria ni Elinami, ambaye saa ile alikuwa amekaa mbele ya mashine yetu. Nilimpigia nikiwa kitandani.

"Wachina wamekutisha," alisema. "Mimi nimekaa meza hii kabla hujamaliza shule. Unaniona nina nini?"

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Walininywesha dawa ya chumvi, jagi baada ya jagi, wakaniwekea ndoo. Sitaipamba habari hii. Kilichotoka kilikuwa cheusi, kina uvundo wa kitu kilichokufa, na muuguzi alikichuja mbele yangu kama mtu anayechuja tui. Chini ya chujio zilibaki chenga za kijivu. Picha ya pili ilionyesha punje moja iliyogoma, imejificha ndani ya kidole tumbo. Wakanipasua, wakakitoa pamoja na mgeni wake.

Salma aliomba nionyeshwe. Ilikuwa ndani ya kichupa, ndogo kama punje ya dengu, laini bado. Na juu yake palikuwa na alama ya jino. Jino langu. Nilitapika mpaka nyuzi za kidonda zikanivuta. Ndipo kinyaa kilipofika, na tangu hapo hakijaondoka. Kinakuja nikiona sarafu, nikisikia harufu ya shaba, nikikumbuka utamu ule. Wakati mwingine naukinai mdomo wangu mwenyewe, natamani ungekuwa wa mtu mwingine.

Baada ya hapo ilikuja dawa ya mshipani, inayoikamata risasi ndani ya damu na kuitoa kwa mkojo. Ilinipa homa na kichefuchefu. Mkojo wangu wote ulikusanywa kwenye madumu chini ya kitanda, nami nililala juu ya uchafu wangu nikijifunza subira. Dawa ilisimamishwa nipumzike, ikaanza tena. Tumbo likafunguka. Wali ukarudi kuwa wali. Mkono ulikuwa wa mwisho. Nilikuwa nimeuweka juu ya shuka, mfagiaji anapiga deki, nikaona kidole cha shahada kinainuka. Nilidhani ni macho. Nikakiomba tena, kikainuka tena. Salma alipofika nilimwambia atazame.

"Hilo si bega," alisema, akakaa chini, akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

Namshukuru Mungu aliyeniacha hai. Namshukuru Salma, na Shabani aliyenivumilia nilipokuwa sivumiliki. Namshukuru mama yule, ambaye nilimwita fisi moyoni naye akaendelea kuitafuta nafuu yangu. Kwa wenzangu wa ughaibuni, nawasihi: usiende kwa daktari na Kichina cha sokoni, tafuta mtu anayejua lugha, hata kama unaona aibu kwa atakayoyasikia. Mweleze daktari kazi yako yote, pamoja na yale unayoyafanya bila kufikiri. Mweleze na habari ya choo. Na ninyi mnaoshika madini haya, wawindaji, mafundi wa betri, wavuvi mnaong'ata vipande vya risasi vya kuzamishia nyavu: mdomo si mkono wa tatu. Nawa kabla ya kula. Vua nguo za kazi kabla hujaingia nyumbani. Kapime damu hata kama hujisikii mgonjwa, kwa sababu nami sikujisikia.

Jioni niliyoambiwa kwamba matibabu yamekwisha, nilimpigia Elinami nimpe habari njema. Alifurahi, lakini maneno yake yalitoka yamebanwa, na nyuma yake nilisikia kitu kikigonga meno.

"Una nini mdomoni?"

"Unajua nina nini. Msimu unakaribia, mdogo wangu. Mkono umepona, rudi unisaidie. Wangu wa kulia umekuwa mvivu, vikombe vinanidondoka."

"Tema, kaka."

"Nimalize hivi kwanza."

"Choo unakwenda?"

"Hayo ndiyo maswali ya kumuuliza mkubwa wako?"

"Unakwenda?"

Nikasikia mpini wa mashine ukishuka.

"Wiki hii bado," alisema.

Nilikata simu. Nilijua hatasikia kwa simu. Hajawahi kunisikia kwa simu. Nilimwambia Shabani kwamba ninaondoka.

"Na mzigo wa Shiling?"

"Utasubiri."

"Laoban atakumaliza."

"Na amalize."

Asubuhi iliyofuata nilipanda metro kwenda uwanja wa ndege wa Baiyun, nikakata tiketi ya ndege ya kwanza iliyokuwa na nafasi. Kabla ya kuingia nilimtumia Elinami ujumbe: nakuja kukupeleka hospitali, na nisipokukuta umefunga karakana nitaifunga mwenyewe. Kisha nikazima simu asije akanijibu, nikapanda.