Kucha za Teksi

Mama Tupa alikuwa fundi wa kucha. Jina hilo wateja walimpa kwa sababu ya vile vijitupa vyake vya kusugulia, alivyovipanga barazani kwake kama vyombo vya daktari. Kazi hiyo ilimlisha, na teksi ya mumewe ilipolala gereji iliwalisha wote wawili. Lakini mumewe, mtu mwema kwa mengine yote, akiulizwa mkewe anafanya nini, alijibu kwamba yuko nyumbani tu. Mama Tupa alikuwa amelisikia jibu hilo mara nyingi, na kila mara lilimuuma upya.

Basi mkaguzi wa magari akampiga marufuku mumewe, dereva wa teksi hiyo, kubeba abiria usiku mpaka taa za mbele zitengenezwe. Plastiki ya taa hizo ilikuwa ya njano kama meno ya mvuta sigara. Dereva akazisugua kwa dawa ya meno ya nyumba nzima, zikang'aa, akatamba mtaa mzima. Wiki haikuisha, zikarudia unjano wake. Taa mpya nazo bei yake ilikuwa haishikiki.

Mama Tupa akainama, akapitisha ukucha juu ya taa. Akamweleza mumewe kwamba ngozi ya juu imeungua kwa jua, na dawa ya meno imeipapasa tu. Inatakiwa ikwanguliwe kwa msasa, kuanzia ule mkali hadi laini, kisha ipakwe kinga juu, vilevile kama kucha. Mumewe alicheka mpaka akakohoa. Hata hivyo hakuwa na njia nyingine, akamwachia gari, akaingia ndani kujinyoosha.

Mama Tupa alibandika selotepu kuizunguka taa ili asichubue rangi ya gari, akalowesha msasa, akaanza. Maji yalitiririka ya njano. Sasa, aliyewahi kuifanya kazi hii anajua kwamba msasa wa kwanza huiacha taa nyeupe pe, kana kwamba imepakwa unga. Ni hapo hasa mumewe alipotoka nje.

"Umelipofua gari langu," alisema. "Hii siyo michezo yako ya kucha."

Mikono ya Mama Tupa ikasimama. Angeususa msasa palepale, wala mimi nisingemlaumu. Badala yake aliuchovya tena majini.

"Michezo hii ndiyo iliyokulisha injini ilipokufa," alisema. "Shika ndoo."

Akaishika. Ukafuata msasa laini, kisha laini zaidi, na weupe ukaanza kupungua. Polishi na kitambaa vilipomaliza kazi, balbu ilionekana ndani waziwazi. Mama Tupa akapaka vanishi ya kukinga jua, tabaka moja tu bila kurudia, na mumewe akabaki na ndoo yake, aibu imemjaa.

Siku ya ukaguzi walikwenda wote. Mkaguzi aliziwasha taa, akazipapasa, akauliza zimetengenezwa gereji gani. Madereva wengine walisogea kusikiliza, maana zao zilikuwa za njano vilevile. Mama Tupa alikuwa kiti cha mbele, kioo kimeteremshwa.

"Ni mke wangu," dereva alisema. "Ni fundi wa kucha."

Wakacheka. Alisubiri wamalize, kisha akarudia maneno yaleyale kwa sauti kubwa zaidi, akimwonyesha kwa mkono.